Watunzi wa muziki Handel, Bach, Beethoven na wenzao walikuwa watu wa aina gani kweli? Niwaambie vijana wa kwaya au ninyamaze?

KwayaTororo

Habari za jioni wanajukwaa, poleni na kazi. Nafundisha kwaya ya vijana kanisani kwetu hapa Tororo, wengi bado wako sekondari, tukijaa tunafika kama 24 hivi. Krismasi hii tumeamua kuimba Haleluya ya Handel na vipande vingine viwili vya Mesia, ile kazi yake kubwa ya kwaya, tunajifunza kwa solfa (do, re, mi) maana wanaosoma stafu (noti za mistari mitano) ni wawili tu, na mambo si mabaya, soprano wameshaishika na besi wanaipenda mpaka wanaiimba barabarani wakirudi nyumbani.

Sasa vijana hawa wana simu na wanatafuta kila kitu. Juzi katikati ya mazoezi mmoja wa alto akanyoosha mkono, mwalimu ni kweli Bach aliwahi kufungwa jela? Mwingine akadakia, na Mozart ati aliandika barua zimejaa mambo ya chooni? Na yule kiziwi Beethoven ni kweli alikuwa anamwagia watu chakula? Nikasema ngojeni nichunguze nitawajibu Jumamosi. Nimechunguza, mengi ni kweli kabisa, yapo kwenye barua zao wenyewe na kwenye maandishi ya waliowajua.

Shida ni kwamba mzee mmoja wa kanisa alikuwa amekaa nyuma anasikiliza, tulipomaliza akanivuta pembeni akaniambia mwalimu hizo habari achana nazo, watoto waimbe tu, ukishawaambia aliyetunga alikuwa mgomvi umewaharibia wimbo. Namheshimu sana mzee wetu na hofu yake naielewa, ila mimi naona ni kinyume. Vijana wanadhani hawa watunzi walizaliwa na mawigi yao meupe wanajua kila kitu, na ndiyo maana nina kijana mmoja mwenye kipaji cha kutunga ambaye hathubutu hata kuonyesha daftari lake. Kila mtu anasema Handel aliandika Mesia yote kwa siku 24 mwaka 1741, sawa, lakini miaka minne kabla yake alipata kiharusi mkono wa kulia ukashindwa kufanya kazi, akaenda kukaa kwenye maji ya moto ya Aachen mpaka ukarudi. Hilo mbona hatusimuliwi?

Naomba mnaoyajua haya mnisaidie, walikuwa watu wa namna gani nyumbani na kazini, na je niwaambie vijana yote au nichague. Halafu swali dogo la pili, sauti ya tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume) ninao watatu tu na mmoja bado sauti inavunjika, nifanyeje?

Afande_Tromboni

Mwalimu, waambie yote. Mimi nimepuliza tromboni kwenye bendi ya jeshi mpaka nikastaafu, na hawa watunzi nilifundishwa kambini kwa Kiswahili hikihiki na mkubwa wetu wa bendi, alikuwa anasimamisha watu wote, chini vyombo, anasema kabla hamjapiga hii jueni aliyeiandika aliishije. Na tulipiga tofauti, nakuambia.

Beethoven ndiye wangu. Alizaliwa Bonn 1770, baba yake mwimbaji wa ikulu ambaye pombe ilimmaliza, mama akafariki 1787, na 1789 huyu kijana wa miaka 18 akaomba kwa mtawala nusu ya mshahara wa baba apewe yeye awalee wadogo zake wawili, akakubaliwa. Hebu fikiria kijana wa umri huo anakwenda kwa mabosi wa baba yake kusema mzee hawezi tena. Halafu kabla hajafika 30 masikio yakaanza kumsumbua, akawa anakwepa watu kwa sababu atawaambiaje semeni kwa sauti mimi mwanamuziki sisikii? Mwaka 1802 akiwa Heiligenstadt nje ya Vienna akawaandikia wadogo zake barua ndefu, anasema alikaribia kujiua na kilichomzuia ni muziki peke yake, aliona hawezi kuiacha dunia kabla hajatoa vyote alivyojua vimo ndani yake. Barua hakuituma. Ilipatikana kwenye makaratasi yake baada ya kufa 1827. Kwa hiyo mimi nikisoma habari za hasira zake nazisoma huku barua ile nikiwa nayo kichwani.

Na mambo ya chakula ni kweli, aliyeeleza ni mwanafunzi wake Ries. Hotelini mhudumu alimletea chakula ambacho hakuagiza, Beethoven akalalamika, mhudumu akamjibu jeuri, basi akachukua sahani ya nyama na mchuzi akammwagia kichwani. Mhudumu mikono yote imebeba sahani za watu wengine hawezi kujifuta, mchuzi unatiririka usoni, anataka kutukana lakini inabidi alambe kwanza, ukumbi mzima unacheka, na mwisho Beethoven mwenyewe akaangua kicheko. Ndivyo alivyokuwa, anawaka na kuzimika saa ileile.

Ila kuna hasira yake moja haikuzimika na hiyo vijana wako wa Uganda lazima waijue. Kulikuwa na mpiga violini George Bridgetower, baba yake mtu mwenye asili ya Kiafrika, mama Mzungu, amezaliwa Poland 1778. Mei 24, 1803 wakapiga pamoja Vienna sonata mpya ya Beethoven, kipande cha violini na piano, imekamilika dakika za mwisho kiasi kwamba sehemu nyingine Bridgetower alisoma kwenye mwandiko wa Beethoven mwenyewe, hakukuwa na muda wa kunakili. Mahali fulani Bridgetower akaongeza kitu chake ambacho hakikuandikwa, Beethoven akaruka kutoka kwenye piano akamkumbatia akamwambia rudia tena. Sonata ikawa ya Bridgetower. Baadaye wakagombana, Bridgetower alisema ilikuwa kwa sababu ya msichana, na Beethoven akafuta jina lake akaweka la Rodolphe Kreutzer wa Paris, ambaye inasemekana hakuwahi hata kuipiga mbele ya watu. Mpaka leo dunia nzima inaiita sonata ya Kreutzer. Inaniuma kila nikiisikia, na bado naisikiliza.

MamaKinanda_Mbale

Afande asante sana, hiyo ya Bridgetower nitaitumia na mimi.

Nyongeza yangu ni Bach kwa sababu napiga kinanda kanisani na Bach ndiye ananilisha kila Jumapili. Mwalimu, ukiwaambia vijana alifungwa jela waambie na sababu yake. Mwaka 1717 alikuwa ameajiriwa na mtawala wa Weimar, kazi ya ukubwa wa muziki ilipokuwa wazi akarukwa, akapata kazi nzuri zaidi Köthen, akaomba kuondoka, wakamkatalia, akaendelea kudai ruhusa mpaka bosi akamweka ndani karibu wiki nne. Alipotoka akafukuzwa kazi, akaenda zake Köthen. Yaani kosa lake ni kuomba kuacha kazi, wangapi hapa tunalielewa hilo?

Ni mtu mkaidi tangu ujana. Alifiwa na mama akiwa na miaka 9, baba akafuata miezi michache baadaye, akalelewa na kaka yake mkubwa. Akiwa na miaka 20 anapiga kinanda Arnstadt akaomba ruhusa ya wiki nne akamsikilize mzee Buxtehude kule Lübeck, zaidi ya kilomita 400, na inasemekana alikwenda kwa miguu, ni kama utoke Kampala utembee mpaka Kabale ili tu umsikie mtu anapiga kinanda. Wiki nne zikawa kama miezi minne. Aliporudi wakubwa wa kanisa wakamweka kikao, ulikuwa wapi, na tena sasa unaweka sauti za ajabu katikati ya nyimbo waumini wanachanganyikiwa. Kikao kingine wakamuuliza yule msichana mgeni uliyempandisha juu kwenye kinanda akaimba ni nani. Kwenye mji uleule alikuwa ameshapigana usiku na mwanafunzi mmoja mpiga basuni (chombo cha kupuliza), Bach alikuwa amesema upigaji wake ni mbovu, yule akamngoja na fimbo, Bach akachomoa upanga, watu wakawaamua.

Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni 1720. Alisafiri na bosi wake mpya kwenda Carlsbad, mkewe Maria Barbara amemwacha mzima wa afya. Aliporudi nyumbani akaambiwa amekufa na ameshazikwa. Hakukuwa na simu, hakuna barua iliyomfikia njiani, ameingia mlangoni na kukuta watoto wanne hawana mama. Mwaka uliofuata akamwoa Anna Magdalena, mwimbaji, ambaye pia alimsaidia kunakili muziki, na kwa wake wote wawili alipata watoto 20, waliofika utu uzima ni 10. Hesabu hiyo ukiijua, zile nyimbo zake za kifo unazipiga taratibu zaidi hata bila kuambiwa.

Kijana_wa_Bombo

Jamani mbona mnamkwepa Mozart, si aliwekewa sumu na mtunzi mwenzake Salieri kwa wivu? Na akazikwa kama maskini asiye na mtu. Hiyo ndiyo stori kubwa kuliko zote vijana wataipenda.

MamaKinanda_Mbale

Hapana mwanangu, hiyo Mwalimu asiwaambie vijana kama habari ya kweli. Oktoba 1791, wiki chache tu kabla ya kifo chake, Mozart mwenyewe alimwandikia mkewe kwamba alimpitia Salieri kwa gari wakaenda pamoja kutazama opera yake mpya Filimbi ya Ajabu, na Salieri aliisikiliza kwa makini kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kila kipande anasema bravo. Mozart aliugua homa na kuvimba mwili akafa Desemba 5, akiwa na miaka 35. Baadaye Salieri akamfundisha mtoto mdogo wa Mozart muziki. Na kaburi lake lilikuwa la kawaida kwa watu wa Vienna wakati ule, serikali ilikuwa imeweka sheria za maziko yasiyo na gharama. Yule Salieri amesingiziwa miaka mia mbili na zaidi, mwanamuziki aliyewafundisha Beethoven, Schubert na Liszt, banange tumwachie jina lake.

Barua za chooni ni kweli, zipo, nyingi kwa binamu yake, na familia yao yote walikuwa wanaongea hivyo kwa utani. Lakini kama ni barua, mimi ningewasomea vijana habari ya Julai 1778. Mozart ana miaka 22, yuko Paris na mama yake, mama akafariki usiku. Usiku uleule akamwandikia baba yake Salzburg kwamba mama ni mgonjwa sana, tumwombe Mungu, na papo hapo akaandika barua ya pili kwa rafiki wa familia, padri, akamwambia mama ameshafariki, tafadhali nenda ukamtayarishe baba yangu na dada yangu wasije wakaipokea habari hii ghafla. Kijana peke yake ugenini, maiti ya mama iko chumbani, na bado anafikiria namna ya kumpunguzia baba uchungu. Sisi huku mtu akifiwa mbali tunafanya hivyohivyo, tunatuma kwanza jirani au mzee mmoja akakae na familia. Mzee wako wa kanisa akiisikia hiyo sidhani kama atasema umeharibu wimbo.

AruaNile

Mimi nataka kuleta jambo zito kidogo na naomba lisipuuzwe. Mmesema waambie yote, basi yote ni pamoja na hili: Handel alikuwa na hisa kwenye kampuni ya Royal African Company, kampuni ya Waingereza iliyokuwa inasafirisha watu wetu Waafrika kuwauza utumwani. Pia hisa za South Sea Company ambayo nayo ilifanya biashara hiyohiyo. Rekodi za hisa zenye jina lake zipo. Wengi wenye pesa London wakati ule walikuwa nazo, naelewa, lakini watumwa nao walikuwepo wakati uleule na walijua ni ubaya. Vijana 24 Waafrika watasimama kuimba atamiliki milele na milele, kesho mmoja wao atayakuta hayo kwenye simu bila mtu wa kumweleza. Afadhali ayasikie kwako.

Na ukishawaambia hilo uwaambie na mtunzi Samuel Coleridge-Taylor. Alizaliwa London 1875, baba yake daktari kutoka Sierra Leone, mama Mwingereza, baba akarudi Afrika Magharibi mtoto akalelewa na upande wa mama. Akiwa na miaka 23 akatoa kazi ya kwaya na okestra kuhusu harusi ya Hiawatha, shujaa wa shairi moja, na Uingereza nzima ikaimba, makwaya yalikuwa yanaigombania kama mnavyoigombania Mesia. Yeye alikuwa ameiuza haki yake yote kwa gini 15 tu (pesa ya zamani ya Uingereza). Wachapishaji wakala, yeye akaendelea kufundisha na kuzunguka akihukumu mashindano ili familia ile, akafa kwa nimonia 1912 na miaka 37. Wanaomjua wanasema alikuwa mpole, mwenye haya, akitukanwa njiani kwa rangi yake anamshika binti yake mkono kwa nguvu. Watunzi wa Uingereza walioanzisha chama cha kudai malipo ya nyimbo zao 1914 walikuwa na mfano wake mbele yao.

KwayaTororo

AruaNile, nimeisoma ujumbe wako nikanyamaza muda mrefu. Nitawaambia. Sitaiacha Haleluya, ila sitaki waiimbe bila kujua, na nadhani vijana wanaweza kubeba vitu viwili kwa wakati mmoja kuliko tunavyodhani sisi. Na huyu Coleridge-Taylor nataka kuanza naye kabisa kwa ajili ya yule kijana wangu wa daftari. Nitamtajia na watu wetu pia, Joseph Kyagambiddwa aliyetunga oratorio (kazi kubwa ya kwaya ya habari za dini) ya Mashahidi wa Uganda mwaka uleule wa 1964 walipotangazwa watakatifu, na Justinian Tamusuza ambaye muziki wake umepigwa na Kronos Quartet, kundi la wapiga vyombo vya nyuzi wanne wa Marekani. Ajue hata Waganda wametunga.

DadaSoprano_Jinja

Mbona ni wanaume tu jamani? Mwalimu nusu ya kwaya yako ni wasichana.

Waambie Clara Schumann, mpiga piano. Alipanda jukwaani Leipzig akiwa na miaka 9, baba yake alimfundisha mwenyewe na alipotaka kuolewa na mtunzi Robert Schumann baba akakataa mpaka ikafika mahakamani, wakaoana 1840 kwa amri ya korti. Alikuwa maarufu kuliko mume wake, yeye ndiye aliyekuwa analeta pesa, lakini Robert akitunga alitaka kimya kwa hiyo Clara hakuweza kufanya mazoezi ya piano kwenye nyumba yake mwenyewe. Alizaa watoto 8. Mei 1849 Dresden ilipigana mitaani, wakawa wanalazimisha wanaume kubeba silaha, Clara akamtorosha Robert kupitia bustani pamoja na binti yao mkubwa, wadogo wakabaki nyumbani na mfanyakazi. Siku mbili baadaye usiku Clara, mimba ya miezi saba, akarudi mjini kupitia mashambani huku mizinga inalia, akawaamsha watoto, akafunga nguo chache na akatembea nao kutoka. Miaka mitano baadaye Robert akajitupa mtoni Rhine, akaokolewa akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili na hakutoka tena. Clara akarudi barabarani kupiga piano miji ya Ulaya kulisha watoto.

Na Fanny Mendelssohn nyimbo zake nyingine zilitoka kwa jina la kaka yake Felix, naye mtunzi. Mwaka 1842 malkia Victoria alimwimbia Felix wimbo alioupenda, Felix ikabidi aseme ukweli kwamba huo ni wa dada yangu. Mimi hii stori ninaipenda kwa sababu alisema.

Afande_Tromboni

Dada wa Jinja umenena, hiyo ya Clara sikuwa nayo.

Mwalimu nakujibu lile la tena maana naona wamelisahau. Usiogope uchache. Mesia ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 13, 1742, haikuwa kwaya ya watu mia kama tunazoziona kwenye video, ilikuwa waimbaji wa makanisa makuu mawili ya mji, wanaume na wavulana. Hata baadaye London kwenye ile nyumba ya watoto waliotupwa ambako Mesia iliimbwa kila mwaka kuwachangia, karatasi za malipo za 1754 zinaonyesha waimbaji wote na wale wa solo ndani hawakufika 30. Kwa hiyo wewe na vijana wako 24 mko karibu na Handel kuliko makwaya makubwa.

Na ile siku ya Dublin mpelekee mzee wako wa kanisa. Pesa ya mlangoni iligawiwa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, watu 142 wakalipiwa wakatoka jela. Aliyeimba ile sehemu ya alto ya kusema alidharauliwa na kukataliwa na watu alikuwa Susannah Cibber, mwigizaji ambaye London nzima ilikuwa imemchambua mahakamani kwa mambo ya ndoa yake, hana hata pa kuweka uso. Sauti yake ilikuwa ndogo, Handel akakaa naye kumfundisha kwa uvumilivu, yeye huyohuyo mwenye hasira anayejulikana kwa kutishia kumtupa mwimbaji wa opera dirishani. Alipomaliza kuimba padri mmoja ukumbini akasimama akasema kwa sauti kwamba kwa wimbo huo dhambi zote za mwanamke huyo zisamehewe. Ile hadithi nyingine kwamba mfalme wa Uingereza alisimama Haleluya ilipoimbwa usiwahakikishie, iliandikwa miaka mingi baadaye na hakuna ushahidi kwamba mfalme alikuwepo.

Sasa fanya hivi. Handel mwenyewe alikuwa anabadilisha vipande kufuatana na waimbaji aliowapata mwaka ule, alto akikosekana anampa soprano, anashusha, anapandisha. Wale wawili wa tena wenye sauti iliyotulia waweke katikati, karibu na besi wanaosikia vizuri, na alto wawili wenye sauti nzito wawape msaada pale tena inapokuwa juu, zile noti alto wanazifikia bila shida. Yule anayevunjika sauti mwambie aimbe kwa chini nusu nguvu asijiumize, na pale kwenye mfalme wa wafalme ambapo soprano wanapanda ngazi kwa ngazi, besi wako wanaoimba barabarani uwazuie kidogo, watawafunika wenzao.